Wasifu wa Chokonoa, Aliyemtembeza Mzee wa Ngazi

Jina kamili la marehemu liko kwenye jalada la ratiba hii, kwa herufi kubwa, chini ya picha yake. Mume wake ndiye aliyelipanga na kulichapa, akalikagua mara tatu, na hakuna mkurugenzi wa kampuni yoyote atakayekuja kulifuta. Humu ndani ataitwa Chokonoa, kama alivyoitwa nyumbani tangu alipojua kukaa akagundua kwamba vitu vina ndani. Wasifu huu umeandikwa na mjomba wake, fundi wa vyerehani, ambaye mji mzima unamjua, na asiyemjua basi nguo zake zinashonwa kwa mkono. Alisoma mpaka darasa la sita, lakini lile la sita la zamani, ambalo siku hizi wanaliita chuo. Kwa hiyo wasomi waliokaa safu za mbele wasihangaike na kalamu zao. Makosa ya humu ni ya mwenyewe, hayakuibwa kwa mtu.

Hilo la kuiba tutalirudia. Familia imetaka jambo moja tu lijulikane kabla udongo haujafunika. Kuna gemu la kompyuta liitwalo Mzee wa Ngazi, ambalo vijana wengi waliopo hapa wamelicheza badala ya kusoma. Ndani yake mzee mmoja amebeba kengele mgongoni, anapanda mnara mrefu ili akaitundike juu. Dunia nzima imeusifu mwendo wa mzee yule, jinsi anavyonyanyua mguu, jinsi anavyochoka. Aliyemtembeza ni huyu aliyelala hapa. Jina lake halimo.

Chokonoa alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 1986, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati iliyo nyuma ya soko la nguo, akiwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mpima ardhi, mtu mpole aliyepima viwanja vya watu wote, akafariki mwezi Novemba 1990 bila kuwa na chake. Mama yake, mshonaji, akahamia na wanawe katika vyumba viwili vilivyo juu ya karakana ya kaka yake. Kati ya karakana na vyumba vile kuna ngazi ya zege yenye vipandio kumi na tisa. Msikilizaji azishike hizo ngazi kichwani, ndizo habari yenyewe. Mjomba alizipanda na kuzishuka kila siku kwa mguu wake wa kushoto ulioumia mpirani, fainali, dakika ya themanini na nane, amebaki yeye na kipa. Mguu huo kabla ya kukanyaga huchota hewa kidogo, kama kijiko kinachotafuta sukari chini ya kikombe, ndipo unashuka. Mtoto aliyekaa chini ya meza ya ufundi hakuona uso wa mjomba wake sana. Aliuona mguu.

Alikuwa na miaka minane alipofungua cherehani ya mteja. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kula. Aliporudi alikuta mashine imefungwa vizuri, skrubu zote mahali pake, na mtoto amekaa pembeni na mafuta hadi kwenye nyusi.

"Umefanya nini?"

"Nimeitazama."

"Kwa mikono?"

"Macho hayafiki ndani, mjomba."

Mteja alipoijaribu, mashine ikashona kinyumenyume. Chokonoa alikuwa amegeuza springi ya kurudishia mshono. Mjomba, ambaye hajawahi kukosa jibu mbele ya mteja, akamwambia yule mama kwamba hiyo ni mashine yenye busara, inarudi nyuma kutazama ilichosahau. Mama yule hakununua busara. Lakini jioni mtoto aliifungua tena peke yake, akaigeuza springi, na mashine ikaenda mbele. Mjomba alimchapa kidogo na kumsifu sana. Siku hizi watu wanasema hivyo viwili havifanywi pamoja. Hao hawajawahi kulea mtu kama yule.

Elimu ya msingi aliianza Januari 1993 na kuimaliza 1999. Ya sekondari aliianza mwaka 2000. Mwaka uliofuata shule ililetewa kompyuta moja. Mwalimu mkuu akaivisha kitambaa cha maua, akaifungia ofisini kwake, akawa anawaonyesha wageni. Wanafunzi mia sita, kompyuta moja, na kazi yake ilikuwa kutazamwa ikiwa imefunikwa. Chokonoa akajitolea kupangusa vumbi katika ofisi ile kila Ijumaa. Mwalimu mkuu akamsifu mbele ya shule nzima kwa usafi. Miezi minne baadaye alikuja mkaguzi, kitambaa kikaondolewa kwa heshima zote, kompyuta ikawashwa, na kwenye kioo akatokea mwalimu mkuu mwenyewe, tumbo kwanza, amechorwa kwa vijiduara, akatembea hatua sita na kupiga saluti. Mkaguzi alicheka mpaka akaomba maji. Chokonoa alifagia uwanja wiki mbili. Huyo ndiye mtu wake wa kwanza kumtembeza katika kompyuta. Juzi mwalimu mkuu huyo alituma rambirambi akisema yeye ndiye aliyemfundisha marehemu kompyuta. Rambirambi imepokelewa, na kitambaa chake tunakikumbuka pia.

Mwaka 2006 hadi 2009 alisoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu, akafaulu vizuri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika programu za mizani za dukani. Kazi ya heshima, watu wanapima nyanya, hakuna anayepiga makofi. Mjomba alipenda kazi ile kwa sababu aliweza kuieleza. "Mpwa wangu ndiye anayeiambia mizani kilo ni nini," alikuwa akisema, na watu wanatikisa kichwa.

Mume wake alimpata kabla ya kuhitimu, katika duka la kuchapa, alipopeleka ripoti yake ya mwisho wa masomo. Kijana wa mashine alikuwa anahesabu kurasa. Chokonoa akasimama akasikiliza, si kijana, mashine.

"Mashine yako inaumwa bega."

"Na wewe ni daktari wa nini, dada?"

"Zima nikuonyeshe."

Kijana akazima. Huo ulikuwa mwisho wa uhuru wake. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2011, na mjomba akatoa hotuba ya dakika hamsini ambayo bado inazungumzwa, ingawa si kwa uzuri na watu wote. Mungu aliwajalia binti mmoja, mwaka 2014. Mume ni mtu wa maneno machache. Mengine huyachapa.

Tarehe 1 Februari 2013 Chokonoa aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza magemu. Nyumbani habari ilipokewa kama msiba mdogo. Jirani akauliza, "Kwa hiyo siku hizi anacheza?" Mjomba, tuseme ukweli, hakuwa bora kuliko jirani. Alimwita mpwa wake chini karakana akamwuliza kama amesoma miaka kumi na sita ili amtembeze mtu asiyekuwepo kwenda mahali pasipokuwepo. Chokonoa akacheka.

"Mjomba, wewe unashona?"

"Sishoni. Natengeneza mashine za wanaoshona."

"Basi na mimi sichezi."

Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Mjomba aliitembelea mara moja tu, ikatosha. Palikuwa na viti vya rangirangi ambavyo hakuna aliyevikalia kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kukaa kwa starehe. Palikuwa na meza ya mpira wa mezani, na juu yake yamepangwa maboksi. Ukutani yameandikwa maneno makubwa ya kijani: SISI NI FAMILIA. Mjomba ameishi katika familia miaka sabini na moja na hajaona hata moja inayojiandika ukutani. Na familia ile ilifungua mlango kwa kadi. Usipokuwa na kadi, wewe si ndugu.

Mkurugenzi wake wafanyakazi walimpa jina la Bwana Dira. Kila kikao alikifungua kwa neno dira, na hakuna aliyewahi kujua anaelekea wapi. Alivaa viatu vyeupe. Siku ile mjomba alipotembelea, Bwana Dira alimshika mkono, akamwambia, "Binti yako ana kipaji kikubwa sana," akamtaja kwa jina la mfanyakazi mwingine.

Chokonoa alikaa karibu na mtungi wa maji, mahali ambapo kila mwenye kiu alimgusa kiti. Kwenye kioo chake alikuwepo mzee amebeba kengele, amezama kwenye ngazi mpaka kiunoni.

"Mbona anazama?" mjomba akauliza.

"Hajui sakafu iko wapi. Kumwambia mara moja haitoshi. Inabidi umwambie kila hatua, kila mguu, kila kipandio."

"Na akishajua?"

"Akishajua hakuna atakayeniona. Mtu akicheza saa tano bila kukumbuka kwamba kuna aliyetengeneza miguu ile, hapo nimefanya kazi. Akisema tu, 'Hee, mguu huu vipi,' nimeharibu."

Hapo ndipo mjomba alipoanza kuelewa, kwa sababu kitu hicho anakijua. Pindo zuri halionekani. Pindo likionekana, rudisha nguo kwa fundi. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini hao wanaotazama vinavyoelea hawajawahi kumwuliza muundaji kama amekula.

Kuanzia Machi 2018 alifanya kazi ya mzee yule tu. Miaka sita na nusu, mtu mmoja, miguu miwili. Walimfanyisha kazi Jumamosi, kisha Jumapili, kisha wakaacha kuzitaja siku kwa majina. Kila miezi mitatu Bwana Dira alibadilisha dira. Mara mzee awe kijana, mara apae, mara kengele iwe upanga. Kila alipobadilisha, kazi ya miezi mitatu ilitupwa, na Chokonoa akarudi kwenye kipandio cha kwanza. Watu waliodhani anacheza wangekaa pale siku moja, wakatazama mtu anaruka shimo lilelile mara mia nne ili ajue kwa nini mara ya mia nne na moja alianguka, wangerudi nyumbani wakawaomba radhi waponda kokoto. Yeye mwenyewe nyumbani hakucheza gemu lolote. Alishona vifungo.

Jumapili moja ya Agosti 2019 alikuja karakana na simu yake, akamwomba mjomba apande ngazi.

"Ngazi gani?"

"Hizi hizi. Beba na kile kichwa cha cherehani mgongoni."

Mjomba akapanda. Akashuka. Akaambiwa apande tena. Mara ya sita akauliza kama yeye ni ng'ombe wa maonyesho.

"Panda, mjomba."

"Si nimeshapanda?"

"Umepanda kwa majivuno. Kifua mbele, kama kuna watu wanakupigia makofi. Panda kama hakuna anayekutazama."

Mke wa mjomba, aliyekuwa dirishani, akasema hilo haliwezekani, hajawahi kumwona akifanya hivyo tangu wamefunga ndoa. Ilibidi apande mara kumi na nne. Mara ya kumi na nne alikuwa amechoka kweli, hana hata hasira, na mguu wa kushoto ukachota hewa yake taratibu kila kipandio. Chokonoa akasema, "Huyo ndiye." Hakueleza zaidi. Mjomba akaenda kulala, akasahau.

Kampuni ile ilikuwa na mfanyakazi wa kutafuta makosa, binti mkali ambaye kazi yake ilikuwa kucheza gemu lisilomalizika na kuandika kila kilichoharibika. Wenzake humwita Mjaribu. Amekuja leo, na ameleta karatasi alizochapisha siku ya mwisho kabla hajaacha kazi pale kwa hiari yake. Kosa namba 2317 aliliandika hivi: "Mguu wa kushoto wa mzee unachota hewa kabla ya kukanyaga. Nimejaribu mnara wote. Inajirudia." Chini yake Chokonoa akajibu: "Si kosa. Ni mjomba wangu." Akalifunga. Mjaribu akalifungua tena, akaandika: "Kwani mjomba wako ana kasoro?" Chokonoa akajibu: "Nyingi. Hii haimo." Karatasi hiyo imewekwa kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, atakaye asome. Mjomba ameisoma mara nyingi kuliko barua yoyote aliyowahi kuandikiwa.

Mwezi Juni 2024 alianza kuvimba miguu. Wakubwa wa kampuni wakamwambia avumilie, gemu linakaribia kutoka. Alivumilia mpaka Ijumaa ya tarehe 2 Agosti, alipoanguka karibu na mtungi wa maji. Daktari akakuta figo zote mbili zimechoka. Hakusema ni kazi iliyozichosha, na mjomba si daktari, kwa hiyo naye hasemi. Anasema tu kwamba Jumatatu yake mume alikwenda kumchukulia vitu vyake, na kadi ya mlangoni ilikuwa imeshazimwa. Familia imehama.

Hospitali alikuwa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Muuguzi alimkuta siku ya pili ameinama pembeni ya kitanda.

"Dada, usiguse hiyo!"

"Siigusi, naitazama."

"Kwa mikono," mjomba akasema kutoka kwenye kiti, na mgonjwa akacheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Huku nyuma, kule kampuni, Bwana Dira aliutazama mguu wa mzee akasema wateja hawataki kilema. Akawaamuru mafundi wawili waunyooshe. Wakaunyoosha. Mzee akatoboa kipandio cha kwanza, akaanguka kupita sakafu, akaendelea kuanguka, kengele na yeye, chini mahali ambapo hakuna kitu. Wakajaribu siku tatu. Hawakujua kwamba Chokonoa alikuwa amepima kila kipandio cha mnara ule, vyote elfu mbili na mia sita, kwa mguu huo. Ukiunyoosha, mnara mzima unakuwa umejengwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Siku ya nne, na Mjaribu aliyaona hayo kwa macho yake, wakaurudisha mguu wa mjomba kimyakimya, na hakuna aliyesema neno dira.

Gemu lilitoka Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 2024, wiki kumi na moja tangu aondolewe pale amebebwa. Mchana wa Jumapili mume wake alileta kompyuta wodini. Binti yao, wakati huo ana miaka kumi, akalifungua. Mzee akatoka gizani, akakanyaga kipandio cha kwanza. Mtoto akageuka.

"Babu, mbona wamekuweka humo?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mjomba, ambaye alikuwa anajiandaa kulidharau gemu hilo kwa sauti, akavuta kiti chake karibu na kioo, na wodi nzima ni shahidi.

Mume akalisogeza gemu mbele mpaka mwisho, mahali ambapo majina ya waliotengeneza hupita. Mtoto akawa anayasoma kwa sauti, akimsubiri mama yake. Majina mia moja arobaini na matatu. Alikuwemo anayemwagilia maua ya ofisini. Walikuwemo watoto wachanga watatu waliozaliwa wakati gemu linajengwa, na hao hatuna ugomvi nao, wana kazi yao. Alikuwemo mbwa wa Bwana Dira, chini ya maneno "marafiki wa pekee". Kila jina moja likipita mtoto anasema, "Labda mbele." Kioo kikawa cheusi.

"Mama, umerukwa."

Chokonoa akamwonyesha kioo kwa kidole. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo. Usitazame majina, tazama mguu."

Mume wake aliandika barua kwa kampuni, akaisahihisha, akaipeleka kwa mkono. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Kwa mujibu wa kanuni, orodha ni ya waliokuwepo siku ya kutoka. Walioondoka kabla, kwa sababu yoyote ile, hawaandikwi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kumbe kuna watu waliisoma methali hiyo wakaifanya sheria ya kazi. Lakini lake lilikuwepo! Lilikuwa linapanda ngazi mbele ya macho yao. Na mbwa, kwa haki, siku hiyo alikuwepo.

Januari mwaka huu gemu likapewa tuzo ya mwendo bora. Bwana Dira alipanda jukwaani na viatu vyake vyeupe, akashika moyo, akasema mwendo ule aliupata utotoni kwa kumtazama babu yake mpendwa akipanda ngazi za nyumbani. Watu wakafuta machozi. Mjaribu, anayeijua familia yao, anatuambia babu huyo alikuwa na dereva, na nyumba yake ina lifti. Ngazi alizipandia wapi?

Mjomba alitaka kwenda ghorofa ya tatu siku hiyohiyo. Alishavaa shati. Lakini anayedai ukweli inabidi aanze kutoa wake, na njia ya mwongo ni fupi, haifiki hata ghorofa ya kwanza. Basi leo, mbele ya jeneza la mpwa wake, mjomba anatamka: hakuumia mpirani. Hapakuwa na fainali. Kipa hakuwepo. Mwaka 1979 kiunzi cha chuma cha cherehani kilimwangukia mguuni, alipokuwa anakishusha kwenye gari huku macho yake yakiwa kwa mwanamke aliyekuwa akipita. Mwanamke huyo yuko hapa, ndiye mkewe, na amekaa na siri hiyo miaka arobaini na sita kwa heshima kubwa. Chokonoa aliijua tangu mdogo. Alikuwa ameshachunguza kovu, akasema mpira hauna pembe nne.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi alimwita mjomba akae karibu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Mjomba akamwambia asijali, atakwenda kule, atamshika yule bwana kwenye kola.

"Usigombane, mjomba. Wana mawakili."

"Mimi nina mguu."

"Ndiyo. Wakisema ni wa mtu mwingine, wewe tembea tu. Tembea vizuri."

"Kifua mbele?"

"Mjomba…"

"Natania."

Chokonoa aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mama yake akimshika mkono wa kulia na mume wake wa kushoto. Alikuwa na miaka thelathini na minane na miezi kumi.

Bwana Dira ameleta shada lenye nembo ya kampuni, na salamu zinazosema marehemu alikuwa "sehemu ya familia yetu". Ameomba pia dakika tano za kuzungumza kaburini. Ndugu wengine walitaka afukuzwe. Mjomba alikataa. Mgeni hafukuzwi msibani, hata akija na viatu vyeupe. Amekubaliwa dakika zake tano kwa sharti moja, na sharti lenyewe litaonekana sasa hivi.

Kwa kanuni ya kampuni, aliyeondoka kabla ya siku yenyewe haandikwi. Kwa kanuni ya ukoo huu, aliyetangulia ndiye anayeandikwa wa kwanza. Jina lake limo kwenye jalada. Baada yake wanaandikwa aliowaacha: mama yake mzazi, ambaye bado anashona, mume wake, mpiga chapa, binti yao, aliyeujua mguu kabla ya kuambiwa, mdogo wake wa kiume, fundi umeme, mjomba wake na mke wa mjomba, na Mjaribu, ambaye si wa damu, lakini alileta karatasi. Mbwa hayumo.

Makaburi haya yako kilimani. Kutoka hapa tulipo mpaka kaburini kuna vipandio vya mawe thelathini na moja. Mjomba alikuja kuvihesabu jana. Akimaliza kusoma ukurasa huu ataukunja, atautia mfukoni, na atatangulia mbele ya jeneza. Waombolezaji wanaombwa wasimame kwanza, wasimfuate mpaka afike juu. Vijana mliolicheza gemu lile, wekeni simu mfukoni, tumieni macho. Tazameni mguu wa kushoto. Atapanda polepole, kifua mahali pake, kama hakuna anayemtazama.

Sharti ni hilo: akishafika juu, ndipo Bwana Dira atakaribishwa kusema juu ya babu yake.

Pumzika, Chokonoa wetu. Ngazi zimekwisha.